Sifa za Springi Ipigayo Kelele

Washairi wamesifu mwezi, macho ya wapenzi na viongozi walio madarakani. Springi ya klarineti inayolia kwii kila kibonyezo kikiguswa haijapata hata ubeti mmoja. Naiondoa aibu hiyo leo nikiwa Singida, mkoa ambao kwa upepo na vumbi lake umeinoa sauti ya springi kuliko mwalimu yeyote wa muziki.

Tuanze na ukoo. Klarineti ilizaliwa Nürnberg, Ujerumani, yapata mwaka 1700, mikononi mwa Johann Christoph Denner. Ilikuwa na vibonyezo viwili tu, hivyo hata kelele zake zilikuwa za kimaskini. Mwaka 1839 Hyacinthe Klosé na fundi Buffet walionyesha Paris klarineti ya vibonyezo 17, na nafasi za kulia zikaongezeka. Kwa upande wa ndoa, springi imeoa kwetu: klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, mti wa taifa, mzito hata huzama majini, na unaohitaji miongo mingi kukomaa. Gogo linaondoka kusini mwa Tanzania, linavuka bahari, na likibahatika kurudi linarudi na bei ya ng'ombe kadhaa. Nani anampokea bibi harusi huyo kwa vigelegele? Springi peke yake.

Sifa yake ya kwanza ni ukweli. Springi bapa hufungwa kwa skrubu chini ya kibonyezo, na ncha yake huteleza katika mfereji mdogo. Springi ya sindano huchomekwa kwenye kinguzo, ncha ikishikilia kijino cha kibonyezo. Kiangazi kikianza, vumbi likiingia na mafuta yakikauka, zote mbili hutoa taarifa papo hapo. Hazisubiri kikao, haziombi posho.

Sifa ya pili ni kujua wakati. Ngoma na matarumbeta ya bendi ya kwaya yetu yakinguruma, springi hutulia kwa adabu. Hungoja ubeti wa taratibu, waumini wameinamisha vichwa, na kidole gumba kinabonyeza nyuma ili sauti iruke juu. Hapo ndipo inapotoa neno lake, na mpaka watu wa benchi la mwisho wanalipata.

Sifa ya tatu ni huruma. Mpigaji akikosea noti, anaitazama klarineti kwa masikitiko, naye anaonewa huruma badala ya kuzomewa. Hakuna mwanakwaya mwingine anayebeba dhambi za wenzake kwa moyo mkunjufu namna hiyo.

Ya nne ni kuunganisha watu. Ikilia tu, bendi nzima inageuka kuwa waganga. Wa kwanza huleta mafuta ya alizeti. Mkoa wetu umejaa alizeti, kwa nini kwenda dukani? Springi inayapokea kwa heshima na kunyamaza kwa muda. Kisha mafuta yanaganda, yanakamata vumbi, na kibonyezo kinanata kama kimepakwa gundi. Ndipo anaitwa fundi cherehani, mwenye mafuta mepesi yanayofaa. Tone dogo kwenye ncha ya pini linatosha kwa springi ya sindano. Likizidi, litafika kwenye pedi inayoziba tundu na kuiharibu. Springi bapa inataka kazi zaidi: inafunguliwa skrubu, mfereji unafutwa, ncha inasuguliwa kwa msasa laini mpaka ukali uishe, inapakwa nta kidogo ya mshumaa, kisha inarudishwa katikati isikwaruze kingo. Na sindano ikitoka kwenye kijino chake, anatafutwa mama anayefuma vitambaa vya makochi, kwa kuwa kikulabu chake kinairudisha mahali pake vizuri sana. Ni mradi gani wa maendeleo umewahi kuwakutanisha fundi cherehani, mfumaji na kwaya kwa gharama ya tone la mafuta?

Yapo masingizio pia. Kibonyezo kikigonga tak tak, mara nyingi kile kipande laini kilichobandikwa chini yake kimedondoka, na chuma kinapiga mti. Lawama anapewa springi, naye hajawahi kukata rufaa.

Wapinzani watasema springi njema ni ile isiyosikika. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Springi inayoliwa na kutu bila kulalamika ndiyo hukatika siku ya sherehe, mgeni rasmi ameketi, na kibonyezo kinaning'inia bila kazi. Hii ya kwetu ililia tangu mwezi wa sita, ikapuuzwa.

Kwa hiyo natoa hoja. Bendi yetu itakapofanya uchaguzi, nafasi ya mweka hazina apewe springi. Elimu yake ni ndogo na sauti yake haipendezi, lakini kila ikiguswa, watu wote watasikia.