Hotuba ya Ufunguzi Kuhusu Chuma Kilichokunjwa

Waheshimiwa wageni waalikwa, nanyi mliokaa karibu na mlango mkidhani sijawaona, karibuni. Aliyesimama mbele yenu ni bingwa wa mitetemo ya vyuma vilivyopinda. Vyeti sina, kwa kuwa hajapatikana wa kunitahini.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema atatetemekaje akishakunjwa, na hapo ndipo ninapoingia mimi. Ufito wa chuma ulionyooka, usioshikwa popote, unapotoa sauti yake ya chini kabisa huwa na sehemu mbili zilizotulia tuli. Ukunje uwe kama herufi U, sehemu hizo zinasogeleana kuelekea kwenye kona. Ongeza mguu pale kwenye kona, umepata ule uma wa wanamuziki uliobuniwa na John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza, mwaka 1711. Ugonge gotini, usimamishe mezani: meza nzima inavuma, kwa sababu mguu hupanda na kushuka kidogo mno, jicho halioni. Mwanzoni utasikia pia kelele kali, ya juu mara sita na ushei kuliko sauti ya msingi. Hiyo hufa upesi, kama makofi yenu.

Sasa kompyuta. Chuma tunakikatakata, kwenye hesabu tu, kuwa vipande vidogo. Kila kipande tunakipa ugumu na uzito wake, tunaviunga, kisha tunaiuliza mashine kitatetemeka vipi. Jina la mbinu hii alilitoa Ray Clough, mhandisi wa Marekani, mwaka 1960, bila kunishirikisha. Kona ndiyo inayokula vipande, maana kipande kilichonyooka hakijui kupinda. Waoga huweka mia nne. Mimi niliweka vinne.

Majibu sita ya kwanza yalikuwa sifuri! Sauti sita ambazo sikio la binadamu halijapata kuzisikia!

Naam, kijana wa nyuma? Unasema sikukifunga chuma mahali popote, basi kinaelea, kinasogea pande tatu na kuzunguka pande tatu, jumla sita, wala hakuna mtetemo wowote hapo? Hesabu yako ni sahihi, lakini hukualikwa.

Tuendelee. Uma wangu umepigwa muhuri wa 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Kompyuta ikatoa sauti ya juu zaidi. Yupo atakayesema vipande vichache hukifanya chuma kionekane kigumu kuliko kilivyo. Huyo naye hakualikwa. Aliyekosea ni chuma, na dawa yake ninayo mfukoni: tupa. Ukipiga tupa karibu na kona, sauti inashuka. Ukipunguza ncha za meno, inapanda. Tutapunguza ncha mpaka chuma kikubaliane na kompyuta. Wewe kijana mjuaji, njoo unishikie.