Hakuna Aliyenigusa

Jumamosi nimeumia enka. Usiniulize nani kanikata kwanja, maana hakuna. Beki yuko kule anafunga kamba za njumu. Mpira ulishatoka zamani. Ni mimi na shimo tu. Mguu ukapinduka kwa ndani, kitu kikalia ka! Puu, chini. Refa wa bonanza si akadhani natafuta penalti? Nimelala vumbini, machozi yananitoka, na kadi ya njano juu.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe. Akabandika maji ya moto, akatia chumvi, akanikanda. Halafu akanichua kama anakanda unga wa chapati. Asubuhi enka imekuwa boga. Hata ndala haipiti.

Kwa fizio nikakuta kijana, rika la mwanangu wa kwanza. Shikamoo, marahaba. Akabonyezabonyeza mifupa ya kifundo. "Mzee, tembea hatua nne." Nikatembea, natukana kimoyomoyo. Akasema eksirei ya nini, kwa kanuni za Ottawa, Kanada, za 1992, hapo hapajavunjika. Mtu wa Ottawa hajawahi kuniona, keshaniamulia! Maumivu yote yale, sina hata picha ya kuwaonyesha maveterani wenzangu.

"Nani kakukanda maji ya moto?" Kumbe siku mbili tatu za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, mguu juu ya mto. Moto na kuchua vinazidisha uvimbe. Nikajibu, "Jirani." Mama mkwe yuko mlangoni, kashika pochi yangu. Kimya.

Nikajua nitapewa mwezi wa kulala. Wapi! Eti kano zimevutika, mguu umesahau kujishikilia, nisipoufundisha utateguka tena hata ngazini. Kwa hiyo naandika A mpaka Z hewani kwa dole gumba la mguu. Binti yangu wa darasa la pili ndiye msimamizi. "Baba, Q haipo." Ipo. "Mwalimu kasema haipo." Narudia kuanzia A.

La mwisho, kusimama mguu mmoja huku napiga mswaki. Korongo hufanya hivyo siku nzima na hana bima. Mimi jana sekunde tisa, nikadaka taulo, taulo likaja na msumari wake, povu mpaka masikioni.

Nje ya mlango nikasikia, taratibu: "Baba Neema, nibandike maji?"