Rufaa Ilipwe kwa Shamba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mipango ya Ardhi,
(Jina la ofisi nimeliacha. Huenda kulitaja nako kuna ada.)

MINT: OMBI LA KULIPIA RUFAA KWA SHAMBA LENYEWE

Mheshimiwa, sisi ni wakazi wa Kakamega wenye nusu eka na robo eka, ambao tukiandikiwa kwamba ombi la kugawa shamba limekataliwa, hukunja barua kwa adabu na kwenda kuhesabu kuku wa kuuza. Tunajua kukata rufaa ni haki yetu. Ila haki hiyo imekuwa ghali kuliko kile kipande tulichotaka kumkatia mtoto.

Seveya wa kwanza alishalipwa, wa pili anasubiri. Mtaalamu wa mipango hutoza kuandika ripoti, wakili hutoza kuisoma. Ada ya kufungua faili hulipwa mapema, ndipo unaambiwa kamati ya rufaa haikukaa kwa kuwa akidi haikutimia. Ukichoka ukaenda moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi, unaulizwa kwa nini umeiruka kamati, unarudishwa ulikotoka, na wakili anatoza nauli ya kurudi.

Kwa hivyo tunaomba rufaa ilipwe kwa ardhi. Mpango wenyewe ni rahisi. Kufungua faili: ukanda wa kando ya ua, upana wa mistari miwili ya nepia. Wakili achukue upande wa migomba, seveya kona yenye mparachichi. Kikao kikiahirishwa, kamati isogeze bikoni ya mpaka hatua moja kuelekea mlangoni. Chai na mandazi ya wajumbe vitozwe pale penye kibanda cha kuku, na kuku wakiwamo, maana hatuwezi kuwalaza wageni njaa. Hukumu itakapotoka, mwenye shamba atakuwa amebakiwa na pa kusimamia, na pa kusimamia hapahitaji kibali cha kugawa.

Uzuri wa mpango unaanzia hapo, Mheshimiwa. Wajumbe watataka hati miliki za kanda zao. Itabidi wajaze fomu za kugawa, wazilete kwako, na wewe, kwa uadilifu wako, utazikataa: vipande ni vidogo mno na barabara ya kuingilia haitoshi. Watakata rufaa kwa kamati, yaani kwao wenyewe. Watalipa ada kwa ardhi ambayo hawajaandikishiwa, wakose akidi kwa sababu wajumbe wote ni walalamishi, waahirishe, wasogeze bikoni. Tutawaletea viti. Tutawachemshia hata chai, ya kulipia.

Maombi mengine ni madogo. Barua ya kukataa ipewe tarehe ya kutufikia, si ile iliyoandikwa kabla ya kulala kwenye trei, kwa sababu sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 hutupa siku 14 tangu uamuzi utolewe. Kamati nayo ina siku 14 za kuamua, lakini zetu huhesabiwa kwa kalenda na zake kwa misimu ya mvua. Pili, sheria hiyo hiyo inasema ombi likikaa siku 60 bila jibu la maandishi huhesabiwa limekubaliwa. Tunaomba karani asicheke tukiisoma kwa sauti dirishani. Tatu, benchi.

Sitaki ukate tamaa kwamba serikali haiwezi kufanya haraka. Mwaka 1930 wakoloni walitunga sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi ya hifadhi zao, na kwamba kipande kikichukuliwa kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Dhahabu ikaonekana hapa kwetu. Ilipofika Desemba 1932 sheria ilikuwa imerekebishwa, ili wachimbaji wapewe ardhi bila fidia ya ardhi na bila kuliuliza baraza la wenyeji. Hakuna aliyeambiwa akidi haikutimia.

Na hebu niseme bila sukari. Mama mjane wa Shinyalu anayetaka kuwagawia wanawe kabla hajafa huuza ng'ombe, huja mjini kuuliza faili iko wapi, kisha huacha. Wanawe hugawana wenyewe kwa kupanda miti ya lusiola mpakani. Wakishakatana mapanga mnakuja na hema na spika kuhubiri amani. Ghorofa za wakubwa huota hata penye barabara isiyopitisha mkokoteni, wala hatujasikia mwenye ghorofa akiuza ng'ombe ili akate rufaa. Mnajua kwa nini. Katiba, kifungu cha 48, inataka ada iwe ya kadiri, isimzuie mtu kupata haki. Ninyi mmeifanya ada kuwa mlango, na mlango mmeufunga kwa kufuli.

Uniwie radhi, Mheshimiwa, chai imenimwagikia. Narudi kwenye unyenyekevu.

Barua hii si rufaa, kwa hivyo naamini haina ada. Kama inayo, mkungu mmoja wa ndizi uko kwa mlinzi wa lango. Tafadhali tupe risiti.

Wako mtiifu kwa siku 14,
Mwenye Robo Eka