Familia ya Bosi

Bosi wetu ana neno analolipenda kuliko mishahara yetu: familia. Kila Mei Mosi hutukumbusha kwamba sisi ni ndugu, kisha hugawa fulana zenye nembo ya kampuni, saizi moja kwa wembamba na wanene. Familia kweli: baba anakula, watoto wanashiba harufu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki, na ovataimu ilipwe mara moja na nusu. Kwetu ovataimu inaitwa "moyo wa kujituma", na moyo, bwana, haulipwi. Feni ya karakana imeungua tangu Januari, na joto la Dar mnalijua. Fundi hajaja, lililokuja ni tangazo: marufuku kujipepea kwa makaratasi ya ofisi.

Malalamiko? Lipo sanduku la maoni, limepakwa rangi ikapendeza. Ufunguo anao bosi. Juzi kalifungua, akakuta kikaratasi kimoja tu, akatangaza kwa furaha kwamba waliobaki wote wameridhika.

Sasa anapita na kikaratasi chake meza hadi meza, analinganisha mwandiko.