Namwombea Dua Muuaji

Mwanamke niliye na ugomvi naye alifariki mwaka 1995 huko Uswisi, kwa hiyo kesi yangu haina mshtakiwa. Anaitwa Patricia Highsmith, Mmarekani mzaliwa wa Texas, mtunzi wa riwaya za kuvuruga akili. Alifuga konokono kwa mapenzi, na husimuliwa kwamba aliwahi kwenda nao kwenye karamu, wamo ndani ya mkoba. Mtu wa namna hiyo ukimkuta kwenye daladala unahama kiti. Mimi nimemkaribisha mpaka chumbani, usiku, watoto wamelala.

Kitabu chenyewe ni The Talented Mr. Ripley, cha mwaka 1955. Tom Ripley ni kijana wa New York asiye na mbele wala nyuma. Anaanza kama tapeli wa chini: anawaandikia watu barua na kuwapigia simu akijifanya ofisa wa kodi, anawadai nyongeza. Sisi tunaopokea kila kukicha ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunamfahamu. Tofauti ni kwamba matapeli wetu hela wanaitoa. Hundi anazotumiwa Tom zimeandikwa kwa jina la mkusanya kodi, hawezi kubadilisha hata moja. Hapo ndipo ulipo mtego. Unamcheka, halafu unamwonea huruma: maskini, hata wizi haumwendei! Ukishamwonea huruma, umekwisha.

Tajiri mmoja mwenye kampuni ya kuunda boti anamlipia nauli aende Italia kumrudisha mwanawe, Dickie, anayekula bata ufukweni. Tom anafika, anazipenda nguo za Dickie, anazipenda pete za Dickie, mwisho anapenda kuwa Dickie mwenyewe. Wakiwa kwenye boti huko San Remo anamtwanga kasia la kichwa, kisha anachukua pete, jina na saini. Rafiki wa marehemu akianza kuuliza maswali, naye anakula kisahani kizito cha majivu ya sigara.

Sasa tazameni alichonifanyia mama huyu. Mimi ninayebishana na konda mpaka kituo cha mwisho kwa chenji ya shilingi mia, mimi ninayemtolea uvivu yeyote anayechomekea foleni ya maji, namwombea Tom asikamatwe! Kuna afisa wa polisi aliyemhoji Tom huko Roma wakati Tom akijiita Dickie, kisha anakuja kumhoji Venice akiwa Tom. Sura ni ile ile. Nikabana pumzi hadi nikakohoa, moyoni nikilia: Ewe Mola, mtie kiza afande huyu. Hata kodi ya nyumba sijawahi kuiombea kwa unyenyekevu ule.

Mke wangu akaamka.

"Baba Asha, unaumwa?"

"Wanakaribia kumkamata."

"Nani?"

"Muuaji."

"Sasa si wamkamate, tulale?"

Na nyumba nayo imeniharibikia. Marge, yule dada aliyekuwa na Dickie, anaziona zile pete kwa Tom. Tom anakitazama kiatu chake akipima kama kitamtosha kumuulia. Kiatu! Nyumba ya Mswahili ina viatu vingapi mlangoni? Shemeji yangu alipokuja na yale mabuti yake, nilimwomba ayaache nje ya geti. Amenuna mpaka leo, anadhani nimemwambia ananuka miguu.

Sisi tulilelewa vizuri. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Mauaji yamo, hofu imo, lakini mwenye kiko naye yumo, na msaidizi wake Najum yuko kando akishangaa kwa niaba yetu. Ukifunga kitabu, mwovu ameshajulikana, unavuta shuka. Muuaji wa Highsmith anarithi mali ya marehemu, anashuka Ugiriki na kumwambia dereva wa teksi ampeleke hoteli iliyo bora. Mama akaona haitoshi, akamwandikia vitabu vingine vinne, cha mwisho kikatoka mwaka 1991. Mtoto wa mtu angekuwa anafaulu hivyo shuleni, tungechinja mbuzi.

Basi nikaona nijitibu kwa kufikiri: laiti kesi ile angepewa Bwana Msa! Angefika Venice, angepanda ngazi polepole, angewasha kiko chake, angeutazama moshi, kisha angeuliza kwa adabu zote za Unguja: "Kijana, pete hizi umezipata wapi?" Nikasikia raha, haki imekaribia kutendeka. Raha yenyewe haikufika popote, maana sauti ndani yangu ilishamtangulia mzee: Tom, ndugu yangu, zitupe mferejini haraka, Bwana Msa yuko ngazini!