Rimoti Ndani ya Biblia

Mama mmoja wa jumuiya yetu, Ubungo Kibangu, ndiye bingwa wa kupambanua roho. Bongo Fleva kwake ni mlango wa shetani. Novemba 2018, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilipoufungia wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond, alishangilia kuliko BASATA wenyewe.

“Una ubaya gani, mama?” nikauliza.

Akanieleza ubeti kwa ubeti, na kiuno akakitikisa kidogo (kwa ajili ya ushahidi tu), mpaka kitenge kikalegea.

Na tamthilia za Kituruki?

“Aa, hizo zina mafunzo, mwanangu.”

Ilipogonga saa tatu usiku, sala ya jumuiya ilikatishwa kwa “Amina” ya kasi kuliko daladala ya Mbezi iliyoona trafiki. Akafungua Biblia, Wagalatia 5, akachomoa rimoti.