Tausi Hakatwi Shingo

Mtu asonye mara ngapi ndipo aeleweke? Jana hapa kijiweni, kando ya baraza la fundi cherehani, tulioneshwa shuka la viraka lililotoka kushonwa. Kanga ilikuwa ya kupendeza: mjini tausi wawili wametandaza mikia, pindoni korosho zimepangana. Imekatwa miraba ya inchi nne nne! Huku jicho, kule nusu ya bawa, pale shingo isiyo na kichwa, na mwenyewe kasimama anangoja sifa. Wacheza bao wakainamisha vichwa kwa adabu. Mimi sikuweza. Jamani, kitambaa umekinunua kwa sababu ya ndege. Ukishamkatakata huyo ndege, umebaki na nini?

Najua jibu, nimelisikia: shuka la viraka ni kazi ya mabaki, ukate tu na kuunga. Ndiyo, kama una mabaki matupu. Lakini pakiwa na kitambaa kimoja ulichokipenda, hicho ndicho bibi harusi, na vingine vyote ni wapambe. Huanzi na mkasi hapo. Unakitandaza sakafuni, unakizunguka, unakiangalia kwa mbali mpaka ujue uzuri wake uko wapi.

Na kanga imekwisha kukufanyia nusu ya kazi! Ina mji katikati, pindo pande zote nne, jina lake chini ya mji. Aliyeichora kapanga kila kitu, wewe unakuja kupangua. Tena doti ina kanga mbili zinazofanana. Moja usiiguse. Kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110, na kitanda cha futi tano kwa sita kina upana wa kama sentimita 152. Ilaze kwa urefu wake kukingama kitanda, itaenea karibu ukingo kwa ukingo, tausi wamesimama wima na jina linasomeka ukiwa miguuni. Zinabaki kama sentimita 73 za kugawa kichwani na miguuni, pamoja na sehemu ya kuning'inia ubavuni. Viraka vikae huko. Ile kanga ya pili ndiyo ya mkasi: tausi wake wakatwe wazima waende kwenye pembe, na pindo lake refu lishuke miguuni, maana anayeingia chumbani huanza kuona huko.

Hapo mwenye kibanda cha vocha akadakia, "Na kitenge je? Hakina mji." Swali la maana. Kitenge mchoro wake unajirudia, kwa hiyo pima kwanza kutoka ndege mmoja hadi mwenzake. Hapo utajua yadi yako inakupa wangapi kabla hujaipasua. Chukua boksi, toboa dirisha la ukubwa wa kiraka unachokitaka, litembeze juu ya kitambaa. Ndege akikaa mzima ndani ya dirisha na nafasi kidogo pembeni, piga chaki. Asipokaa, dirisha ni dogo. Ongeza kiraka, usipunguze ndege. Na usisahau mshono unakula robo inchi kila upande: ukitaka kiraka cha inchi sita, kata sita na nusu. Wanaosahau hilo ndio hao wa tausi wasio na utosi. Halafu kichwa kielekee juu, viraka vyote! Mti uliopinduliwa mizizi juu unakera hata kama mshono umenyooka.

Ukiwa na kipande kidogo tu, bado ipo njia, na ni ya zamani. Vitambaa vya pamba vya India vilivyojaa ndege na miti ya maua vilipofika Uingereza, vilipendwa mno hadi mwaka 1721 sheria ya huko ikakataza kuvaa na kutumia pamba ya kuchapwa, ili kuwalinda wafumaji wa sufu na hariri. Marufuku ilikuja kuondolewa 1774. Wanawake wa huko, na baadaye wa Marekani, walitoa ndege na maua kwa kufuata ukingo wa mchoro, wakayapanga juu ya kitambaa cheupe, wakakunja ukingo na kushona kwa mkono. Kipande kidogo kikapamba shuka kubwa, na hakuna ndege aliyepoteza mkia.

Sasa wapambe. Mh! Hapa ndipo watu wanapoharibu hata baada ya kukata vizuri. Kila kitambaa kina maua makubwa, kila kimoja kinapiga kelele, tausi hasikiki. Rangi zitoe kwa tausi mwenyewe: buluu ya shingo, kijani cha mkia, ile hudhurungi ndogo ya jicho la unyoya. Nenda na kipande cha mfano Kariakoo, na ulinganishe nje kwenye jua, si chini ya taa ya duka. Vingi viwe vya rangi moja au vidoa vidogo. Kinachogusana na ndege mweusimweusi kiwe cheupecheupe, ili umbo lake lionekane.

Vifue vyote kwanza, upige pasi, ndipo ukate. Kanga mpya huchuja rangi na pamba hurudi. Mabaki ya fundi yapime kwa kuchoma uzi mmoja: pamba huwa majivu, tetroni huyeyuka ikaganda kidonge. Usizichanganye, moja itarudi na nyingine itabaki palepale, shuka litajikunjakunja. Bitana ya pamba nyepesi inatosha kwa joto la Dar. Aliye Njombe aweke blanketi jembamba katikati, apige bandi kwanza ili matabaka yasihame chini ya cherehani.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu mnaopeleka doti kwa fundi wiki hii: msimwachie kitambaa na kuondoka. Kaeni hapo barazani. Mwonesheni kwa chaki ndege gani asiguswe, na mkasi uanze na wapambe.